Toleo jipya la gemu ya mdundo: orodha ya nyimbo haitoshi

Toleo jipya la gemu ya mdundo, yaani ile unayobonyeza vitufe kwa kufuata mapigo ya wimbo, likitangazwa, swali la kwanza huwa ni lile lile: lina nyimbo gani? Orodha ikitoka, hukumu nayo imeshatoka. Wapo wanaolinunua kwa ajili ya nyimbo tatu wanazozipenda, na wapo wanaolisusa kwa sababu bendi yao haimo. Hawana kosa kubwa. Gemu hizi ni za muziki, na wimbo mbaya hauvumiliki ukirudiwa jioni nzima. Ila orodha ndicho kitu pekee unachoweza kukijua bila kuigusa gemu yenyewe, na nadhani ndiyo sababu inapewa uzito usioistahili. Gemu mbili zinaweza kubeba wimbo mmoja, rekodi ile ile, moja ikakufanya ujione mpiga gita na nyingine ikakufanya ujione karani anayegonga mihuri. Tofauti hiyo imo ndani ya milisekunde chache, na ndani ya uamuzi wa mtu aliyekaa na wimbo huo akapanga kila kitufe kibonyezwe wapi.

Twende kwenye kidole. Katika Guitar Hero ya kwanza, iliyotengenezwa na studio ya Harmonix na kutoka mwaka 2005 kwa PlayStation 2, noti za rangi tano hushuka kwenye skrini kuelekea mstari ulio chini. Mkono mmoja unashikilia kitufe cha rangi husika kwenye shingo ya gita la plastiki, wa pili unacharaza kipau kidogo kilichokaa mahali pa nyuzi. Mashine haisikilizi muziki wowote. Inapiga hesabu. Ina jedwali linalosema noti fulani iko sekunde fulani na milisekunde fulani tangu wimbo uanze. Inachukua wakati uliocharaza, inatoa, kisha inaangalia kama tofauti imo ndani ya dirisha lililoruhusiwa. Ikiwa imo, umepata. La sivyo, umekosa.

Ukubwa wa dirisha hilo ndio roho ya gemu, na hauandikwi kwenye kasha. Wimbo wa mapigo 120 kwa dakika una nusu sekunde kati ya pigo na pigo. Ukiligawa pigo mara nne, kama wapiga gita wafanyavyo wakichangamka, noti zinafuatana kila baada ya milisekunde 125. Ongeza kasi hadi mapigo 180 na nafasi hiyo inabaki milisekunde 83. Sasa tuseme dirisha ni milisekunde 70 kila upande wa noti, yaani 140 kwa jumla. Kwenye wimbo wa kwanza madirisha ya noti jirani yameshaanza kugusana. Kwenye wa pili yamepandana vibaya, na mashine inalazimika kukisia ulikusudia noti ipi. Hapo ndipo toleo lililotengenezwa kwa haraka hujiumbua. Unacharaza mara moja, linakuhesabia noti iliyopita, na kuanzia hapo kila unachopiga kiko nyuma kwa hatua moja hadi mfululizo wako unakatika. Mchezaji analaumu vidole vyake kumbe hesabu ndiyo iliyoteleza.

Wengi hudhani dirisha likiwa jembamba ndipo gemu inakuwa bora. Inategemea adhabu iliyoambatana nalo. Tazama beatmania IIDX ya kampuni ya Konami, iliyoanza mwaka 1999 kwenye kumbi za michezo za Japani na kufikisha zaidi ya matoleo 30. Ina vitufe saba na sahani ya DJ, na daraja lake la juu kabisa linakuruhusu fremu (picha) moja tu kila upande kwenye skrini ya fremu 60 kwa sekunde, sawa na karibu milisekunde 17. Ni ukali wa kutisha. Lakini chini ya daraja hilo yapo mengine kadhaa, hivyo aliyepishana kidogo na pigo hupata alama pungufu bila kufukuzwa. Guitar Hero haina madaraja: umepata au umekosa, na kila noti kumi mfululizo zinakuongezea kizidishi cha alama, mara mbili, mara tatu, hadi mara nne. Ya Konami inamlipa anayelenga katikati ya pigo. Ya Harmonix inamlipa asiyekatika. Toleo linaloazima wembamba wa familia moja na kuubandika kwenye adhabu ya familia nyingine huwaumiza wageni na halimfurahishi hata bingwa.

Kuna pia kosa la upande wa pili. Mwaka 2006 Harmonix ilinunuliwa na MTV, na kampuni ya gemu ya Activision, iliyokuwa imebaki na jina la Guitar Hero, ikaikabidhi kazi studio ya Neversoft. Guitar Hero III ya mwaka 2007 ikaja na dirisha lililolegezwa na papo hapo noti zilizosongamana kuliko zamani. Matokeo yake mtu aliweza kupapasa sehemu ngumu, vidole vikikimbia bila sikio kuvifuata, na bado akapita. Iliuzwa mno, mapema mwaka 2009 Activision ilitangaza kuwa gemu hiyo imevuka dola bilioni moja za mauzo. Siyabezi mauzo hayo, ila hayanielezi chochote kuhusu dirisha.

Jambo linalosahaulika zaidi kwenye tathmini ni hili: ukikosa noti, wimbo wenyewe unafanywaje? Familia hizi zimejibu kwa namna tofauti. Katika Dance Dance Revolution ya mwaka 1998, gemu ya kukanyaga mishale kwa miguu, wimbo unaendelea kana kwamba hukuwepo. Miguu yako inapewa alama pembeni, muziki haujali. Katika beatmania ya mwaka 1997, iliyoitangulia IIDX, vitufe vingi vinabeba vipande vya sauti ya wimbo wenyewe, hivyo ukichelewa kubonyeza, unaisikia sauti ikichelewa. Guitar Hero ilichagua njia ya tatu: ukikosa, sauti ya gita inazimwa, unabaki na ngoma na besi, na badala yake kinasikika kishindo kibaya cha uzi uliokwama. Ukirudi kwenye mstari, gita nalo linarudi. Hila hiyo ndogo ndiyo inayomfanya mtu aliyeshika plastiki aamini kwamba yeye ndiye anayepiga.

Ili gita lizimwe peke yake, studio inahitaji rekodi ambayo kila chombo kimewekwa kando. Wimbo uliokwisha kuchanganywa, kama ule unaoununua kusikiliza, hautoshi. Ongeza hapo suala la haki: wimbo una mwenye utunzi na mwenye rekodi, na mara nyingi si mtu mmoja. Ukiurekodi upya kwa wanamuziki wa kukodi, unamalizana na mwenye utunzi tu. Ndiyo maana Guitar Hero ya kwanza ilijaa nyimbo zilizopigwa upya, na mashabiki walilalamika kwamba sauti si yenyewe. Kufikia Guitar Hero World Tour ya mwaka 2008, nyimbo zote zilikuwa rekodi asilia. Kwa hiyo unapoona toleo jipya likijitapa kwa rekodi asilia, usiishie kufurahia sauti ya mwimbaji unayemjua. Acha kucharaza katikati ya kibwagizo, makusudi, usikilize. Kama wimbo unaendelea mzima kama redio, gemu imekupa rekodi ikakunyima gita.

Kabla ya kuhukumu lolote kati ya haya, kuna hitilafu moja ambayo gemu husingiziwa kila siku. Runinga bapa za leo huichakata picha kabla ya kuionyesha, na kazi hiyo inachukua muda. Runinga nene za zamani, ambazo watu walichezea Guitar Hero ya kwanza, zilionyesha karibu papo hapo. Sauti nayo ina njia yake. Ikipitia kwenye vipokea sauti visivyo na waya inaweza kuchelewa kwa zaidi ya milisekunde 100, ambazo peke yake zinatosha kukutoa nje ya dirisha tulilolitaja. Jicho linachelewa kivyake na sikio kivyake, hivyo gemu inapaswa kukupa marekebisho mawili, moja la picha na moja la sauti. Rock Band 2 ya mwaka 2008, kazi ya Harmonix baada ya kuiacha Guitar Hero, ililimaliza jambo hili kwa ustadi: gita lake lilikuwa na kihisi cha mwanga na maikrofoni ndogo. Ulilielekeza kwenye runinga, skrini ikamweka, spika zikalia, na gemu ikapima ucheleweshaji yenyewe. Hadi leo bado zinatoka gemu zenye kipimo kimoja tu cha kusogeza mbele na nyuma, zikakuachia ubahatishe. Anayetoa hukumu kabla ya kusawazisha muda anaihukumu runinga yake. (Umbali wa kiti usikusumbue, mita tatu kutoka kwenye spika hazigharimu hata milisekunde kumi.)

Sasa tuje kwenye kazi ninayoiona kubwa kuliko zote, nayo haina jina kwenye tangazo lolote: kupanga noti. Gita halisi lina nyuzi sita na vituo ishirini na kitu shingoni. Gita la plastiki lina vitufe vitano. Mtu anakaa na rekodi, anasikiliza, anaamua namna ya kuubana ulimwengu huo wote katika kijani, nyekundu, njano, buluu na chungwa. Tuseme kuna kipande cha noti sita: sauti ya chini inapigwa mara tatu, kisha sauti inapanda mara mbili na kushuka mara moja. Mpangaji mwenye sikio ataandika kijani, kijani, kijani, nyekundu, njano, nyekundu. Mkono unapanda sauti ikipanda na kushuka ikishuka. Ubeti wa pili ukirudi na kipande kile kile, rangi zinarudi vile vile, na kufikia ubeti wa tatu huangalii tena skrini, unajua. Mpiga gita akikazia pigo kwa nguvu, mpangaji anaweka noti mbili pamoja ili na wewe ukaze.

Mpangaji asiyesikiliza huandika kijani, buluu, nyekundu, chungwa, kijani, njano, kwa sababu inaonekana ngumu. Mbaya zaidi ni noti za hewani, zile zinazowekwa mahali ambapo hakuna chombo kinacholia, ili kuongeza idadi. Na kuna ujanja wa kuhamahama: noti zinafuata gita, ghafla zinarukia kinanda, kisha mdomo wa mwimbaji, bila dalili yoyote, na mchezaji hajui tena anapiga nini.

Kipimo changu hapa ni kuchagua wimbo nisioupenda kabisa. Wimbo unaoupenda unaujua kwa moyo, na moyo huo unaziba nyufa za mpangilio mbovu. Wimbo usioujali hauna msaada wowote. Ukiumaliza ukajikuta umeisikia besi au mkato wa dramu ambao hukuwahi kuugundua, aliyepanga noti alifanya kazi yake.

Ngazi za ugumu nazo zichunguzwe kuanzia chini, ingawa wakaguzi wengi hukimbilia juu ili waonekane. Katika Guitar Hero ngazi rahisi hutumia vitufe vitatu, ya wastani vinne, na ngumu vyote vitano. Swali ni nini kimeondolewa. Ngazi rahisi iliyopangwa vizuri hubakiza mifupa ya wimbo, yale mapigo ambayo hata mtu wa kawaida angeyapiga makofi. Iliyopangwa ovyo hufuta noti moja kati ya kila tatu kama anayepunguza mizigo, na mgeni anaachiwa mdundo usio na kichwa wala miguu. Halafu kuna ile hatua ya kutoka vitufe vinne kwenda vitano. Binadamu ana vidole vinne vya kubonyeza, kwa hiyo kitufe cha tano kinadai mkono mzima uteleze kwenye shingo. Wengi wameziweka gemu hizi kabatini hapo. Toleo linalofikiria watu wake huweka nyimbo kadhaa za kuufundisha mkono kuteleza kabla ya kuutaka ukimbie. Kuhusu namba za ugumu, usizilinganishe kati ya matoleo: Dance Dance Revolution X ya mwaka 2008 iliacha kipimo cha 1 hadi 10 ikaingia cha 1 hadi 20, na nyimbo za zamani zikapata namba kubwa zaidi bila mshale hata mmoja kusogezwa.

Kisha kuna upya wenyewe. Kipya kinyemi ingawa kidonda, na mfululizo wa gemu unaishi kwa kuuza upya. Lakini ukiangalia toleo gani lilipendeka na lipi lilikera, utaona kwamba mabadiliko yaliyodumu yalikuwa madogo. Guitar Hero II ya mwaka 2006 iliilegeza mbinu ya kupata noti bila kucharaza, ambayo kwenye toleo la kwanza ilikuwa ngumu kiasi kwamba wengi waliipuuza. Ikaongeza pia mahali pa mazoezi, ambapo unachagua kipande cha wimbo, unakipunguza kasi, na kukirudia hadi vidole vielewe. Hivyo viwili havivutii kwenye picha za matangazo. Vilibadilisha kila dakika ya uchezaji. Toleo la tatu likaja na mapambano ya gita dhidi ya wapiga gita wakubwa kama Slash na Tom Morello, ambapo unamrushia mpinzani vikwazo vya kumvuruga asipige noti zake. Yalivutia sana kwenye matangazo, na yaligeuza gemu ya kupiga wimbo kuwa gemu ya kuvuruga wimbo.

Rock Band 3 ya mwaka 2010 iliupeleka upya mbali kuliko yeyote: kinanda cha vitufe 25, na gita la mafunzo lenye vitufe 102, sita kwa kila kituo cha shingo, lililokaribia gita la kweli. Naiheshimu mno. Hata hivyo, mtu anayetaka kupumzika saa moja jioni na mtu anayetaka kujifunza gita ni wateja wawili, na toleo lile lilifanikiwa kwa sababu halikumlazimisha wa kwanza kuwa wa pili. Njia ya zamani ya rangi tano ilibaki palepale. Guitar Hero Live ya mwaka 2015 haikuacha mlango huo wazi. Ilifuta rangi tano ikaleta vitufe sita katika safu mbili za vitatu. Kusema kweli mpangilio huo ulikuwa mzuri, ulimwondolea mgeni tatizo la kidole kidogo na kuwapa mabingwa maumbo mapya. Lakini aliyekuwa na miaka kumi ya ujuzi vidoleni alianza upya, na gita lake la zamani halikufaa kitu. Ukikutana na toleo linalobadilisha kifaa, pima mambo hayo mawili kando kando: je, wazo lenyewe ni zuri, na je, limemtupa nani?

Suala la nyimbo linarudi hapa, ila kwa sura ya umiliki. Guitar Hero Live ilikuwa na nyimbo 42 kwenye diski. Mamia ya nyingine yalitiririshwa kupitia huduma yake ya mtandaoni, na hukuweza kuyanunua yakawa yako. Desemba 1, 2018 huduma hiyo ilizimwa. Aliyekuwa ameisifia kwa wingi wa nyimbo mwaka 2015 hakusema uongo, bali alihesabu za kuazimwa pamoja na za kumilikiwa. Rock Band ilifuata njia nyingine: nyimbo ulizonunua moja moja zilihamia nawe toka toleo hadi toleo, na Rock Band 4 ya mwaka 2015 iliwaruhusu watu wa PlayStation 3 na Xbox 360 kuendelea na hazina yao kwenye mashine mpya za kampuni zile zile. Hata hapo kulikuwa na mipaka, kwa kuwa The Beatles: Rock Band ya mwaka 2009 ilibaki kisiwa, nyimbo zake hazikutoka kwenda popote. Kwa hiyo toleo jipya lina idadi tatu za nyimbo ambazo huchanganywa kwa makusudi kwenye matangazo: zilizomo, za kununua, na za kukodi kwa mwezi. Just Dance, gemu ya dansi iliyokuwa ikitoa diski mpya kila mwaka tangu 2009, ililigeuza toleo la 2023 kuwa jukwaa linaloongezewa nyimbo, jambo lenye faida zake. Lakini ukilipima kwa orodha tu utakuwa unapima kitu kinachobadilika mikononi mwako.

Wingi wa matoleo nao ni sehemu ya tathmini. Mwaka 2009 peke yake lilitoka Guitar Hero la bendi ya Metallica, la vibao vilivyovuma, la tano, la bendi ya Van Halen, pamoja na Band Hero na DJ Hero. Ngoma ikilia sana hupasuka: Februari 2011 Activision ilikifunga kitengo chake cha Guitar Hero. Baadhi ya matoleo hayo, likiwemo la tano, yalikuwa mazuri kwa kila kipimo nilichokitaja. Tatizo lake ni kwamba aliyekuwa na lililotangulia hakuwa na sababu ya kulinunua, na sababu hiyo haionekani ukilichunguza toleo moja likiwa peke yake.

Mwisho kuna vyombo vyenyewe, na hapa watu huumia mfukoni. Usidhani gita ulilonalo litakubaliwa. Magita ya Xbox 360 yasiyo na waya hayakuzungumza lugha moja na Xbox One, ikabidi kiuzwe kifaa maalumu cha kuyaunganisha. Fortnite Festival, gemu ya mdundo iliyotengenezwa na Harmonix hiyo hiyo baada ya kununuliwa na Epic Games mwaka 2021, ilizinduliwa Desemba 2023 bila magita. Vidhibiti vya Rock Band 4 vilikuja kukubaliwa mwaka uliofuata. Magita ya Rock Band ya PlayStation 3 yalifanya kazi kwenye PlayStation 4, mradi uwe na kile kipokezi chake kidogo cha USB, na bila hicho gita ni pambo la ukutani. Kitafute kwanza ndipo uagize gemu.